Uzi wa Paja, Uzi wa Gurudumu

Kazi yangu ni kupima magunia katika stoo ya nafaka mjini Voi. Mizani ya kwanza niliyoikuta pale ilikuwa ya chuma, yenye mkono mrefu na jiwe dogo linalosukumwa, na kwa muda mrefu niliitumia bila kuielewa. Jiwe ambalo ningeweza kulitia mfukoni lilitulia sawasawa na gunia la mahindi ambalo mimi peke yangu siwezi kulinyanyua. Niliuliza, nikaambiwa ndivyo mizani ilivyo. Jibu hilo halikunitosha. Jioni moja nilichukua rula ya mtoto, nikaitoboa karibu na ncha, nikaining'iniza kwa uzi, nikaanza kupachika vifuniko vya soda: upande mfupi vingi, upande mrefu kimoja. Nilikisogeza kile kimoja polepole mpaka rula ikalala. Hapo ndipo nilipoona kwamba jiwe halishindani na gunia kwa uzito tu. Linashindana nalo kwa umbali wake kutoka pale mkono uliponing'inizwa.

Sikupita kidato cha pili. Vitabu vya fizikia nilivinunua ukubwani, vile vilivyokwisha kutumiwa na wanafunzi, na michoro yake niliielewa nusu nusu. Lakini kitu nilichokitengeneza kwa mikono yangu, hata kwa kadibodi, nilikielewa chote. Kwa hiyo nikaendelea. Nilitengeneza puli kwa vibiringo vya nyuzi za cherehani. Nilitengeneza gia za kadibodi zenye meno ya vijiti vya kiberiti, nikagundua kwamba gia mbili zinazogusana haziwezi kamwe kuzunguka upande mmoja. Nilipasua kufuli bovu ili nitengeneze lingine la mbao, kubwa kama mkate, lenye ubavu wazi, nipate kuona ufunguo unafanya nini gizani.

Vitu hivi vyote vilikaa kwenye meza yetu ya chakula, na mke wangu aliwahi kusimama na sufuria mikononi akisema, "Mzee, leo wali niupakue juu ya gia ipi? Hii kubwa ama hii ndogo?"

Nilikuwa najifunza kwa raha yangu tu. Sikutarajia kwamba modeli yoyote kati ya hizo ingehitajika na mtu.

Mama yangu anaishi Sagalla, juu mlimani. Jumapili nikipata nafasi hupanda kumwona kwa bodaboda. Baada ya kanisa, wanawake wa rika lake hukusanyika barazani kwake kusuka vikapu vya mkonge. Nimewatazama tangu utotoni, ila kutazama si sawa na kuona, kama nitakavyoeleza.

Uzi wa kikapu husokotwa pajani. Mwanamke hukaa chini na kunyoosha miguu, paja la kulia likiwa wazi juu ya goti. Huchukua mafungu mawili membamba ya nyuzi za mkonge, huyalaza juu ya paja, na kwa kiganja huyasukuma kuelekea gotini. Kila fungu hujisokota peke yake. Kisha, bila kuyaachia, hurudisha kiganja nyuma, na yale mafungu mawili hukumbatiana yakawa uzi mmoja. Huongeza nyuzi nyingine, husukuma, hurudisha. Mikono iliyozoea hufanya hivyo huku mdomo ukisimulia habari za kijiji kizima.

Katika baraza ile kila mmoja husuka kwa uzi aliousokota mwenyewe. Hakuna aliyelitangaza hilo kuwa sheria, lakini uzi hubeba mkono wa mtu. Ukichanganya nyuzi za watu wawili, kikapu huonyesha mstari, kama nguo yenye kiraka. Asiye na uzi siku hiyo hupika chai.

Mama ana ugonjwa wa sukari. Mwaka juzi ngozi ya paja lake la kulia ilichubuka kwa kusokota, na kidonda kikakataa kupona. Nilimpeleka kliniki mjini. Nesi alikisafisha, akakifunga, akamwambia kwa upole, "Nyanya, hili paja lazima lipumzike. Kusuka suka, vidole vyako ni vizima. Lakini kusokota hapa, hapana. Na hata kikipona, ngozi hii haitaki tena kusuguliwa." Akanivuta kando akaniambia kwamba kwa mtu wa sukari, mambo ya mguu hayachezewi, na kidonda kikiingia ndani, tutakuja kuzungumza mengine. Sikumuuliza mengine yepi.

Kuanzia hapo mama akawa mpishi wa chai. Jirani yake, mama mmoja mcheshi ambaye amekuwa rafiki yake tangu wote walipoolewa mlimani pale, alijitolea kumpa uzi wake. Mama alikataa. Mke wangu alimpelekea uzi wa nailoni kutoka dukani. Mama aliuzungusha kidoleni akaurudisha. "Huu ni wa kushonea magunia. Mpe mume wako."

Jumapili moja nilifika kabla ya wenzake nikamkuta kwenye mkeka, ameteremsha leso haraka aliposikia hatua zangu. Kwenye leso kulikuwa na vumbi jeupe la mkonge. Bandeji ilikuwa na doa bichi.

"Mama, nesi alisema nini?"

"Alisema lipumzike."

"Na hili vumbi?"

"Nililipumzisha," akasema. "Nikajaribu la kushoto. La kushoto halijui kitu. Nikasokota uzi, nikaanza kusuka, ukawa unaniachia kila saa. Nikarudi kwa hili linalojua."

"Utakatwa mguu, mama."

"Na nikikaa tu, hiyo ni nini?" Hakupandisha sauti. "Kila Jumapili wananisifu chai. Chai tamu, chai ya maziwa, sijui nini. Mimi sitaki kusifiwa chai, mwanangu. Nataka kusuka."

Nilishuka mlima nikijua mambo mawili. Hataacha kusokota kwa sababu ya kuambiwa aache. Na kidonda hakitapona akiendelea. Kilichobaki ni kutafuta kitu kingine cha kusokota badala ya paja.

Nilianza kwa modeli, kama kawaida yangu. Nilikata gurudumu kubwa la kadibodi, nikalitia ekseli ya kijiti cha mishikaki. Mbele yake niliweka vibiringo viwili vya cherehani, kila kimoja na kulabu ndogo ya waya. Mpira wa kufungia pesa ulizunguka gurudumu na vibiringo vyote viwili kwa pamoja. Nilipozungusha gurudumu mara moja, vibiringo vilizunguka mara nyingi, kwa sababu vyenyewe ni vidogo. Hilo nilikuwa nimekwisha kulijua. Jipya lilikuwa hili: nilifunga uzi wa cherehani kwenye kila kulabu, nikaunganisha ncha zake za mbali, nikazungusha mpaka nyuzi zote mbili zikakaza, kisha nikaachia zile ncha. Nyuzi zilirukiana zenyewe. Zilijisokota kuwa kamba moja, kwa upande wa kinyume, mkono wangu ukiwa hewani.

Nilirudia jambo hilo mara nyingi kwa furaha tu. Kila uzi unataka kufunguka, na njia pekee ya kufunguka ni kumzunguka mwenzake. Wakimaliza kuzungukana, wanatulia. Ndiyo kazi ya kiganja kinapokwenda na kinaporudi, nikafikiri. Nilimwita mke wangu aone.

"Imefanya kamba," akasema.

"Imejifanya yenyewe."

"Basi iambie ijitoe yenyewe mezani, nipange sahani."

Mashine kamili niliitengeneza kwa baiskeli iliyokufa. Nilichukua gurudumu la nyuma bila tairi, pamoja na friwili, cheni na pedeli, na fundi wa kuchomelea akaniundia fremu ya kusimamishia. Spoki zilizopindwa zikawa kulabu. Blada, ule utepe wa mpira wa tyubu ambao watu hufungia mizigo, ikawa mkanda wa kuzunguka rimu na vibiringo viwili vya mbao. Nilihakikisha kila kitu kwenye ua wetu, kisha nikaipakia kwenye bodaboda.

"Mzee," dereva akasema akiikaza kwa kamba, "hii baiskeli nusu yake nyingine imezikwa wapi?"

Mama aliizunguka mashine kama anayeangalia mbuzi wa kununua. Nilimwonyesha: mmoja anakanyaga ama kuzungusha pedeli kwa mkono, mwingine anafunga fungu la mkonge kiunoni, anaanzisha uzi kwenye kila kulabu na kurudi nyuma polepole, akiongeza nyuzi kwa vidole, kisha anaunganisha ncha na kuziachia zijisokote. Jirani alikamata pedeli. Mama alianza kutembea kinyumenyume kuvuka ua.

"Angalia usianguke huko nyuma!" jirani akapiga kelele.

"Daktari aliniambia nitembee," mama akajibu. "Hakusema nikitembea niangalie wapi."

Walicheka mpaka uzi ukakatika, wakaanza tena. Kufikia saa kumi kulikuwa na donge zuri la uzi, laini, wa unene uleule wa uzi wake wa zamani. Najua kwa sababu niliulinganisha na uzi wa kikapu chake, ubavu kwa ubavu, nikiusogeza karibu na macho. Nilipima unene. Sikupima kitu kingine chochote. Nilishuka Voi nikiimba.

Jumapili iliyofuata nilipanda nikitarajia kukuta kikapu kimeanza. Kikapu kilikuwa kimeanza kweli. Kitako chake kilikuwa kwenye mkeka, kidogo kama kifuniko cha sufuria, na kilikuwa kimejaa manyoya. Kila mstari nyuzi zilikuwa zimefumuka na kusimama.

"Karibu fundi," jirani akasema. "Njoo umnyoe mjukuu wako. Ameota ndevu tumboni."

Wenzao walicheka. Mama hakucheka. Alikuwa akisuka mbele yangu ili nione: anapitisha uzi, anauvukisha juu ya mwenzake, anaukaza, na palepale vidoleni mwake uzi unalegea na kufunguka, kana kwamba haukuwahi kusokotwa.

"Unakataa," akasema. "Nikiukaza, unaachia."

Nilifikiri kwa haraka, na kwa haraka nilikosea. Nilimwambia aanzie ncha ya pili ya uzi. Huenda tumeushika kinyume. Akaugeuza. Ukaachia vilevile. Nikasema basi tusokote mwingine kwa kuzungusha pedeli kinyume. Jirani akarudisha pedeli nyuma. Friwili ikalia tiki tiki tiki, na gurudumu halikusogea, kwa maana friwili ni kazi yake hiyo, kumwacha mtu arudishe pedeli bila kurudisha baiskeli. Mimi niliyeichagua ndiye niliyepaswa kukumbuka.

Mama aliweka kile kitako chini. "Mashine yako ni nzuri, mwanangu," akasema. "Itafaa kamba ya mbuzi." Kisha mkono wake ukatua pajani juu ya leso, bila yeye kujua, ukaanza kulipapasa.

"Mama, nipe hadi Jumapili ijayo. Usiliguse."

Aliuondoa mkono pajani. "Hadi Jumapili," akasema. "Baada ya hapo usinifuatefuate na habari za nesi."

Nilimwomba kile kitako chenye manyoya na kikapu chake kimoja cha zamani, nikashuka navyo.

Uzi wa mkonge ni mwembamba mno kwa macho ya umri wangu. Kwa hiyo nilifanya kama nilivyofanya kwa kufuli: nilitengeneza kikubwa. Nilinunua kamba mbili nene za viatu, moja nyekundu na moja nyeupe, nikazisokota pamoja na kuzibandika mezani. Sasa mistari ya rangi ilionekana wazi, ikipanda kwa mshazari. Niliitazama halafu nikautazama uzi wa mashine kwa lenzi. Mshazari wake ulipanda kwenda kushoto. Nikautazama uzi wa kikapu cha zamani. Ulipanda kwenda kulia.

Niligeuza uzi wa mashine juu chini, nikitumaini. Ulibaki kupanda kushoto. Nilichukua bolti kwenye kopo nikaigeuza nayo: hesi zake, ile mifereji inayoizunguka, hupanda upande uleule, uitazame kutoka kichwani au kutoka mkiani. Hapo nikajua kwa nini kuanzia ncha ya pili hakukusaidia. Upande wa msokoto uko ndani ya uzi wenyewe, wala hauna kichwa wala mkia.

Bado sikuelewa kwa nini kikapu kijali. Nilimwita mke wangu. Mama alimfundisha kusuka mwaka tulipooana, na ingawa aliacha, vidole vyake vilikuwa vinakumbuka.

"Nisukie kwa hizi kamba za viatu," nikamwambia. "Polepole."

"Kikapu cha viatu," akasema, lakini akakaa.

Nilitazama vidole vyake na si kikapu. Kila alipovukisha kamba, kidole gumba chake kiliiviringisha kidogo, upande uleule kila mara, ili kuikaza. Hakuwa anajua kwamba anafanya hivyo. Kamba iliyopanda kulia ilizidi kukaza. Nikaifungua, nikaisokota ipande kushoto, nikampa tena. Kwa kidole gumba kilekile, kwa mviringisho uleule, kamba ilifunguka, na nyekundu ikaachana na nyeupe mbele ya macho yetu.

"Inakataa," mke wangu akasema.

Nikakumbuka maneno ya mama kuhusu paja la kushoto lisilojua kitu, na uzi wake uliokuwa ukimwachia kila saa. Nilikunja suruali, nikalaza zile kamba kwenye paja langu la kulia na kusukuma kwa kiganja cha kulia kuelekea gotini, kisha nikafanya hivyo kushoto. Zilitoka kinyume, kama mtu na sura yake kwenye kioo. Mke wangu alinitazama, mwanaume mzima amefunua mapaja mezani, akaniuliza kama nilitaka chai. Wanawake wote wa baraza ile hutumia paja la kulia. Wote husokota upande mmoja, na vidole vyao vimejifunza kukaza upande huo. Mimi nilikuwa nimempa mama mashine ya paja la kushoto.

Basi swali likawa dogo na safi: nitageuzaje vibiringo bila kugeuza pedeli? Nilirudi kwenye modeli ya kadibodi. Ningeweza kuongeza gia, lakini gia za mbao huvunjika meno. Nilikaa nikizungusha, nikitazama ule mpira wa pesa ukitoka juu ya gurudumu na kuingia juu ya vibiringo. Nikauvua. Nikaurudisha, safari hii nikiupishanisha katikati, utepe wa juu ukashuka chini na wa chini ukapanda juu, kama namba nane iliyolala. Nikazungusha. Gurudumu likaenda mbele, vibiringo vikarudi nyuma.

Sikuita mtu. Nilizungusha tu, nikatazama.

Jumapili nilifika mapema. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuvua blada na kuirudisha imepishana. Kazi ya dakika chache. Mipira ilisuguana pale ilipokutana, nikaweka kati yake kipande cha chupa ya plastiki kilichopindwa. Mama alinitazama nikiifanya. Bandeji ilikuwa imefungwa vizuri, nyeupe, na leso haikuwa na vumbi.

"Ni hilo tu?" akauliza.

"Ni hilo tu."

"Wiki nzima?"

Jirani alikamata pedeli, mama akafunga mkonge kiunoni, akarudi nyuma kuvuka ua. Wenzao walipofika walimkuta amekaa na donge la uzi mpya. Hakuna aliyetania. Alianza kitako upya. Alipitisha, akavukisha, akakaza. Nilikaa mbali kidogo nikitazama kidole gumba chake, sasa nikijua cha kutazama. Mstari wa kwanza ulilala. Wa pili ukalala juu yake. Jirani aliinama akaukwaruza kwa ukucha, kwa nguvu, kama mtu anayetaka kushinda ubishi, na uzi haukuinua hata unyoya.

"Haya," akasema, akarudi kwenye kikapu chake.

 Mama alisuka mchana wote akisikiliza habari za kijiji, na mara moja moja akizirekebisha. Tulipokwenda kliniki mwezi uliofuata, nesi aliondoa bandeji na hakuirudisha.

Jumapili ileile, jua lilipopungua, nilisimama kuaga. Mama aliniita kwenye mashine. Alishika moja ya kulabu zangu za spoki, akaizungusha katikati ya vidole, akakunja uso.

"Hizi ni nene."

"Zinafanya kazi, mama."

"Zinafanya kazi ya uzi mnene. Mimi uzi mnene nimeshachoka nao. Kuna kikapu nilitaka kusuka tangu kabla ya mguu huu, cha uzi mwembamba, mpaka kinashika maji kidogo kabla hayajapita."

Nilimuuliza mwembamba kiasi gani. Alikunjua pindo la leso yake, akachomoa uzi mmoja wa pamba, akaukata kwa meno, akanipa.

"Kama huu, zikiwa mbili."

Kikapu cha uzi kama huo ni kazi ya miezi, labda mwaka. Nilifunga kile kipande cha pamba ndani ya leso ya mfukoni, nikapanda bodaboda, na njiani kote nilikuwa nikifikiria ni waya gani mjini Voi unaoweza kupindwa kuwa kulabu nyembamba vile bila kukatika.